Riwaya ya reli na kalenda ya mkorosho: shajara ya mradi, Nachingwea

Aprili 2024

Kazi: riwaya fupi kuhusu mwanamke muuza uji kwenye stesheni ya reli ya Kusini, tangu treni zilipoanza kufika Nachingwea mwaka 1949 hadi reli ilipofungwa 1962. Hali yake leo: sura mbili zimesimama, ya tatu imelala, na kuna kaunta buku nzima ya maelezo ya wazee ambayo hayajapangwa. Mwandishi: karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, mwenye mikorosho yake michache, mama wa watoto watatu, mkwe wa mama mmoja ambaye hapitwi na kitu.

Naanza shajara hii kwa sababu riwaya haiendi, na kila ninayemweleza ananijibu neno lilelile: muda. Tenga muda. Tafuta muda. Sasa nataka kuuona huo muda unaishia wapi, mwezi kwa mwezi, kwa maandishi, kama tunavyofanya na magunia ghalani: yaliyoingia, yaliyotoka, na yasiyojulikana yalikokwenda.

Ushauri unaozunguka zaidi kwa waandishi ni kuandika kila siku, saa ileile, hata ikiwa nusu saa tu. Mfano unaopendwa ni wa Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa ofisa wa posta. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa ameshakaa mezani, saa yake mbele yake, anajidai maneno 250 kwa kila robo saa, halafu ndipo anakwenda kazini. Riwaya 47 zimetoka kwa mikono ya mtu huyo. Ila wanaomsifu hukiruka kipengele kimoja ambacho mwenyewe alikiandika wazi: alikuwa na mtumishi mzee aliyemlipa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Tena anasema huenda mafanikio yake yanadaiwa na mzee huyo kuliko na mtu mwingine yeyote. Nyumbani kwangu anayeamsha watu ni mimi, na hizo pauni 5 sijaziona.

Wa kwetu ninayemwangalia zaidi ni Shaaban Robert. Alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akaitumikia serikali miaka mingi, na vitabu vikatoka. Karani mwenzangu, najisemea. Lakini ofisi ya forodha ina saa ya kufungua na saa ya kufunga. AMCOS ina msimu. Siku ya Machi na siku ya Oktoba hapa kwetu si ndugu, hata kwa mama mkubwa. Nahisi hapo ndipo ushauri wa kila siku saa ileile unaponishinda. Kwa hiyo mwaka huu najaribu kitu kingine: kuiandika riwaya kwa msimu badala ya kuiandika kwa siku. Kila msimu upewe kazi inayouweza, na usiulizwe kazi nyingine.

Mei

Ndugu yangu wa Dar es Salaam alinipatia kompyuta mpakato iliyotumika. Kabla haijapandishwa basi, kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu, tarehe 4, na mafuriko yakaikata barabara ya Kilwa maeneo ya Somanga. Magari yakawa yanazungukia Songea na Tunduru hadi Masasi. Kompyuta nayo ikapita huko, safari ndefu kuliko atakayosafiri mhusika yeyote wa riwaya yangu.

Wakati naisubiri niliandika kwa kalamu, na kuna jambo nimeling'amua. Karani akiinamia kaunta buku, watu wanajua yuko kazini. Karani akiinamia simu, wanasema anachezea muda wa chama. Mwezi huu ghala halina mengi, ufuta ndio kwanza unakauka mashambani, na kuna vipande vya muda ambavyo vilikuwa vinaliwa na umbea. Nimenunua kaunta buku ya kwaya 3, jalada gumu. Haihitaji chaji. Umeme ukikatika jioni, naisoma kwa tochi. Mkulima akifika, inafungwa palepale hata kama sentensi haijafika mwisho, maana sitaki siku moja isemwe kijijini kwamba mzani ulisubiri hadithi.

Kompyuta ilipofika niliifunga kwenye kanga nikaiweka kabatini. Ina kazi yake, ila si Mei.

Juni hadi Julai

Alfajiri zimechukuliwa.

Mikorosho inachipua na kutoa maua, na ubwiri unga, ugonjwa unaoshambulia machipukizi na maua yake, haungoji mtu. Salfa ya unga hupulizwa kabla upepo haujaamka, umande ungali juu ya majani ili unga ushike. Jua likishapanda unapuliza hasara. Ukimaliza shamba, baada ya siku 14 hivi unarudi kwenye mti wa kwanza. Kwa hiyo ile saa kumi na moja na nusu ya Trollope mimi niko chini ya mkorosho, kitambaa kimefunga pua, macho yanawasha. Mume wangu amebeba mashine mgongoni, mimi namfuata na ndoo ya salfa na dumu la petroli iliyochanganywa na oili. Salfa tunaipata kwa ruzuku. Macho na mgongo ni gharama yetu.

Mchana ni ufuta. Unaletwa haujapepetwa vizuri, mtu anaapa kwamba ni safi, unamwonyesha michanga kiganjani, anaapa tena. Unapepetwa upya, unapimwa, unaandikwa, unangoja mnada.

Jioni nimejaribu. Watoto wakishalala nakaa mezani, taa ikiwepo. Mwili unakaa, akili inabaki imesimama inatafuta kitu cha kukamilisha: sare, ada ya mtihani, maji ya kesho. Ninayoyaandika saa tatu usiku wa Juni yana sauti ya barua ya kuomba ruhusa kazini. Nimeziacha jioni za msimu huu zibaki za usingizi, na siudhiki.

Lakini shambani nimepata kitu ambacho sikukitegemea. Mashine ikishawaka, hakuna anayeweza kuongea na wewe. Mume wangu hasikii, mimi sisikii, simu ikiita inaitia miti. Kwa mama wa nyumba iliyojaa watu hiyo ni hali adimu. Mimi hata chooni naitwa. Nikaanza kuitumia. Kabla ya kutoka nyumbani nachukua swali moja la riwaya. Sichukui sura wala ukurasa, swali tu. Nani alimwambia muuza uji kwamba treni ya leo ni ya mwisho? Vibarua aliwauzia kwa kikombe au kwa kata? Mume alipoondoka, kwa nini hakuolewa tena, na watu walisemaje? Nalitembeza hilo swali mti hadi mti. Jibu likija nalifanya sentensi, sentensi nairudia kimoyomoyo mpaka ikae, na mashine ikizimwa ili kujazwa salfa natoa simu kwenye mfuko wa nailoni na kuitamka.

Hizo rekodi ni kichekesho. "Aliinua sufuria kabla behewa la mwisho halijapita, maana miguu yake ilikuwa imeshajua," nasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua, halafu anaingia mume wangu: "Lete petroli, kunakucha!" Jogoo wa jirani yumo pia, karibu katika kila moja. Jumapili baada ya misa nazisikiliza na kuzinakili. Na nimeona hivi: sentensi zilizovuka kelele za mashine zote ni fupi. Ile iliyokuwa na "ambaye" mbili ilidondoka njiani, nilipofika kwenye ndoo sikuwa nayo tena, na wala haikunipa hamu ya kuitafuta. Salfa imenifanyia uhariri bila malipo.

Jumapili moja mama mkwe alisimama mlangoni akaniangalia kwa muda.

"Mwanangu, barua gani hiyo isiyokwisha? Na huyo unayemwandikia, mbona hajibu?"

Nikamwambia si barua, ni kitabu.

"Kitabu cha nini?"

"Cha reli, Mama."

Akafikiri. "Reli ilishang'olewa," akasema, akarudi kuchambua kisamvu.

Simlaumu. Kwa mtu aliyelea watoto huku analima, kalamu mkononi mwa mkwe siku ya Jumapili ni kazi isiyo na mavuno yanayoonekana, na majirani wanaona. Kinachonishangaza ni kwamba siku ile alichambua mboga yangu pia bila kuniita.

Agosti

Mbaazi zinaingia, ila taratibu. Huu umekuwa mwezi wa kusikiliza.

Mzee mmoja wa mjini, ambaye baba yake alikuwa kibarua wa reli, amekubali kunisimulia. Nilidhani yeye ndiye mwenye muda kuliko sisi wote. "Njoo baada ya Alasiri, mjukuu wangu," alisema. "Kabla ya hapo nalala. Magharibi ikiingia naswali, na baada ya hapo sitaki maneno." Nimefika baada ya Alasiri kila mara, na kila mara nimeondoka kwa adhana. Hakuna siku aliyoongeza hata dakika. Umri wake umepita themanini na bado ana mlango unaofungwa. Mimi nina wa kitambaa.

Kwa msomaji wa nje ya Kusini nieleze kidogo, maana riwaya yote inasimama juu ya hadithi hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa mashine, sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kule Kongwa waliletwa hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, vikashindana na visiki na udongo mgumu, udongo ukashinda. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli. Kwanza ilitokea Mkwaya, bandari ndogo ya muda kwenye hori la Lindi. Kisha ikaja njia ya Mtwara, iliyoungana na hiyo ya kwanza pale Ruo, ili mizigo iende kwenye bandari mpya ya kina kirefu. Sasa tazama tarehe. Mradi wa karanga ulivunjwa Januari 1951. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa 1954. Mlango umejengwa, mgeni ameshazikwa. Treni ikabaki inabeba mazao mengine na abiria, hadi 1962 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Na karanga? Tunalima, kwa jembe la mkono, kila mtu kipande chake, nyingi ni mbegu zilizotoka kituo cha utafiti cha Naliendele. Nyumba hii haijawahi kukosa karanga.

Nilitaka muuza uji auone ule msiba bila kusomewa gazeti. Mzee ndiye aliyenipa njia. Walipokuwa watoto walikuwa wanaweka sikio kwenye chuma cha reli kusikiliza kama treni inakuja. Waliisikia kabla ya watu wazima kuuona moshi. Basi mtoto wa muuza uji atakuwa ndiye saa ya mama yake. Sikio likisema inakuja, mama anachochea moto. Mwaka hadi mwaka mtoto analala sikio juu ya chuma muda mrefu zaidi. Sihitaji kumweleza msomaji lolote kuhusu bajeti ya Waingereza.

Hiyo ni sura ya tatu, imepatikana barazani kwa mtu, bila mimi kuandika hata mstari mmoja. Kama ningekuwa nahesabu maneno kwa siku, Agosti ingesomeka sifuri.

Siku nyingine mazungumzo yaliacha reli yakaenda Farm 17, jina lililobaki tangu mashamba ya karanga, ambako baadaye wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walifanyia mafunzo. Mzee ana mengi ya huko, na mimi nilitoka pale kichwa kinawaka, nimeshaona riwaya nyingine kabisa, ina bunduki, ina mapenzi, ina kila kitu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naiandika hiyo. Hapa ndipo ninapotaka kuandika jambo ambalo sijalisoma mahali: mla muda wangu mkubwa si watoto, si mzani, si mama mkwe. Ni wazo jipya lenye sura nzuri kuliko sura ya tatu. Watoto ukiwaambia subiri wanasubiri kidogo. Wazo jipya halijui subiri. Nimetenga ukurasa wa mwisho wa kaunta buku, juu nimeandika "SI SASA", na Farm 17 imeingia humo kwa mstari mmoja. Kama ni riwaya kweli, itanikuta.

Oktoba na Novemba

Hakuna kuandika. Naliandika hilo mapema, kwa amani, ili nisije nikajitesa nalo.

Asubuhi kabla sijafungua mlango wa ghala kuna baiskeli, bodaboda na mikokoteni. Gunia linafunguliwa, korosho zinamwagwa, zinaangaliwa: kavu au bado, safi au zina vipande vya mabibo, daraja la kwanza au la pili. Zinapimwa. Risiti inaandikwa. Gunia linashonwa, linapangwa, linangoja lori la kwenda ghala kuu, na lori linakuja linapojisikia. Minada ya kwanza ya Oktoba bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na kila mwenye mti hata mmoja nyuma ya nyumba akakumbuka kuwa ni mkulima. Siku hizi mnada unakwenda kwa mfumo wa mtandao wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania, mnunuzi humwoni sura. Karani anaonekana sura. "Dada karani, hela zimeingia?" Naulizwa sokoni. Naulizwa kisimani. Nimeulizwa kanisani wakati wa kutakiana amani, mkono wa mtu uko mkononi mwangu.

Juu ya hayo kukawa na kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, na spika ya chama kimoja ilifungwa mkabala na dirisha langu. Nyingine ilifungwa upande wa pili, kwa usawa.

Kazi niliyoupa msimu huu ni kuokota. Ghalani watu wanasubiri, na mtu anayesubiri fedha yake hasemi ovyo. Maneno yake yamekaushwa. Nina kipande cha karatasi chini ya kitabu cha risiti. Mama mmoja alisema kuhusu kangomba, yule mlanguzi anayenunua korosho kwa bei ya kutupa wakati watu wana shida: "Alinunua njaa yangu, korosho alipewa kama nyongeza." Babu mmoja, alipoona uzito haukufika alipotaka, aliuambia mzani wenyewe, hakuniambia mimi: "Na wewe una watoto wa kulisha?" Kijana aliyekuwa ameahidi pikipiki kwa mchumba wake alisema bei imelala Tandahimba, ikiamka itapanda basi ije kwetu. Naandika neno kwa neno, bila jina la aliyesema, na bila kupamba.

Sikuokota ili kujifurahisha. Muuza uji wangu anakopesha vibarua wa reli, na malipo yakichelewa wanamkwepa au wanamchekesha. Kwa miezi mingi nilikuwa sijui wanasema nini. Walikuwa wanazungumza kama wahusika wa igizo la shule. Sasa nimeketi miezi miwili katikati ya watu wanaosubiri malipo, nalipwa mshahara kwa kukaa pale, na mwandishi gani mwingine ana bahati hiyo? Msimu niliokuwa naulaani kwamba unaniibia riwaya ndio uliokuwa na mazungumzo ya riwaya. Ila usingenipa nafasi ya kuyaunga hata kwa kuupigia magoti.

Rafiki yangu mwalimu akaniuliza kama nitaipeleka kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayotolewa Aprili 13. Nikamwambia nina lori.

Desemba

Mvua za kwanza. Kupanda. Watoto likizo.

Nimefanya kikao cha nyumbani, kifupi. Sikuomba muda, maana neno hilo kwa familia ni sawa na kuomba pesa bila kutaja kiasi. Kila mtu anaona unataka zote. Niliomba kitu kinachoonekana: kuanzia Januari, mvua ikinyesha mchana, meza ni yangu hadi ikatike. Mvua ikinyesha hakuna anayepalilia, kwa hiyo hakuna aliyenyang'anywa chochote. Mume wangu alikubali kabla sijamaliza, nadhani alitegemea ombi kubwa zaidi.

Binti yangu wa mwisho akauliza, "Na isiponyesha?"

"Tutapalilia wote."

Mama mkwe hakusema kitu. Kesho yake alikuwa anaangalia mawingu.

Januari hadi Februari 2025

Kompyuta imetoka kabatini.

Mvua ya Nachingwea ya miezi hii haina adabu ya kubisha hodi. Unaona miti ya upande wa pili imefifia, halafu mabati yanapigwa, na baada ya hapo hata ukiitwa husikii. Ni ileile hali ya chini ya mkorosho mashine ikiwaka, safari hii nimekaa na mikono ni misafi. Mvua nyingine ni ya dakika chache, nafungua kompyuta, inakatika, naifunga. Nyingine inakwenda hadi jioni, na umeme ukikatika betri inanipa muda kidogo, kisha narudi kwenye kaunta buku. Siku zenye jua napalilia mahindi bila kinyongo. Ajabu ni kwamba sasa hakuna anayeniuliza kwa nini nimekaa. Jibu linasikika juu ya paa.

Kazi ya msimu huu ni kuunga, na ndiyo kazi pekee ya riwaya ambayo kweli inataka mtu akae. Sentensi za Juni, masimulizi ya Agosti, midomo ya Oktoba, vyote viko mezani. Mtoto mwenye sikio juu ya chuma ameingia sura ya tatu na sura imesimama. Maneno ya babu na mzani nimempa kibarua anayedaiwa. Anauambia ufunguo wa stoo ya mhasibu. Mama wa kangomba nilitamani sana kumtumia, hakukaa popote. Kila nilipomweka alikuwa anazungumza korosho katika kitabu cha karanga. Amehamia "SI SASA", karibu na wapiganaji.

Likatokea tatizo la sauti. Vipande vya salfa ni vifupi na vinagonga. Vipande vya mvua ni virefu, vinatembea, vinageuka nyuma kuangalia. Ukisoma kurasa mfululizo unasikia wanawake wawili. Nilianza kuvilainisha vilingane, nikarefusha vifupi, nikakata virefu, na vyote vikafa kidogo. Nikavirudisha. Kisha nikavipanga upya: miaka ya treni nimeipa sentensi za salfa, na miaka ya baada ya 1962 nimeipa sentensi za mvua. Treni ikiwepo muuza uji anakatishwa kila mara, kuna mteja, kuna filimbi, kuna moto wa kuchochea. Treni ikishaondoka kwa mara ya mwisho ana siku nzima mbele yake, hakuna anayemwita, na anaanza kumalizia mawazo yake hadi mwisho. Haifurahii nafasi hiyo. Hilo sikulipanga, nililikuta kwenye karatasi, na sasa naona riwaya inahusu hapo zaidi kuliko reli.

Nimemsomea mzee sura ya tatu, baada ya Alasiri kama kawaida. Alisikiliza amefumba macho. Mwisho akasema mtoto huyo alale upande wa kivuli cha behewa la mizigo, maana chuma cha mchana kinaunguza sikio, na kwamba uji usiwe wa sukari, vibarua wangepata wapi sukari kila siku. Kuhusu uandishi hakutoa maoni. Adhana ikasikika, akavaa kandambili.

Hali ya mradi: sura tano zimeungwa, ya sita ina mwanzo na haina mwisho. Machi ni palizi ya pili na ufuta unaanza kunyanyuka, nitaandika mvua ikiruhusu, na haitaruhusu sana. Mei narudi kwenye kalamu. Swali la kuingia nalo shambani msimu wa salfa nimeshaliandika juu ya ukurasa mtupu ili lisinipotee: reli ilipong'olewa, sufuria lile kubwa alilipeleka wapi? Kabla ya hapo kuna hesabu za mwaka za chama. Mkaguzi anafika Jumatatu, anataka risiti zote za Oktoba kwa mpangilio, na baadhi zina mazungumzo ya watu nyuma yake, kwa hiyo wikiendi hii nanakili.